Kuchagua, Kupendelea, Kubagua: Uchambuzi wa Kisa cha Ripoti Iliyokosea Neno

Usuli

Kisa hiki kinahusu malalamiko ya mfanyakazi mmoja juu ya msimamizi wake, na ripoti ya kamati iliyoundwa kuyachunguza. Majina, mahali, tarehe na aina ya shughuli za taasisi vimeondolewa, na wahusika wataitwa kwa nafasi zao tu: Mlalamikaji, Msimamizi, Katibu na Kamati. Mimi niliitwa mwishoni nikiwa mhariri wa lugha, nikaombwa "kunyoosha Kiswahili" cha rasimu ya kurasa 14 kabla haijatiwa saini. Kazi iliyokadiriwa kuwa ya siku moja ilichukua majuma matatu, kwa sababu kosa la rasimu ile halikuwa la tahajia wala la upatanisho wa kisarufi. Lilikuwa kosa la neno, na neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuielekeza kesi kusikostahili.

Barua ya Mlalamikaji, iliyoandikwa kwa mkono, ilitaja mambo manne. Kwanza, jina lake halikupelekwa katika orodha ya watakaohudhuria mafunzo ya kupandishwa cheo, ingawa alitimiza sifa zote zilizotangazwa. Pili, mapumziko ya mwisho wa juma yalikuwa yakienda kwa mfanyakazi mmoja yule yule, ambaye ni ndugu wa Msimamizi. Tatu, Msimamizi alikuwa akimfokea mbele ya wenzake na kumrudishia taarifa zake aziandike upya bila kumwambia kasoro ni ipi. Nne, malipo yake ya saa za ziada ya miezi miwili yalikuwa hayajalipwa. Yote manne aliyakusanya chini ya neno moja: ubaguzi. Simlaumu kwa hilo. Mtu aliyeumizwa hushika neno lililo zito kuliko yote aliyonayo, na kazi ya kupambanua ilikuwa ya Kamati, si yake.

Mfuatano wa matukio

Katibu aliandaa rasimu kwa kufuata kiolezo cha ripoti kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza. Katika kiolezo cha asili lilikuwamo neno "prejudice", ambalo katika lugha hiyo hubeba mizigo miwili: kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na madhara yanayoipata haki ya mtu. Mfasiri alikuwa ameliwekea neno moja la Kiswahili, "upendeleo", kila mahali lilipotokea. Matokeo yake, kichwa cha sehemu kuu ya ripoti kilisomeka "Upendeleo dhidi ya Mlalamikaji", na sentensi ya kufungia ilisomeka "Uamuzi huu umetolewa bila upendeleo wa haki ya Mlalamikaji ya kukata rufaa". Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara tatu bila kuielewa, mpaka nilipoirudisha kichwani katika Kiingereza ilikotoka. Mlalamikaji, ambaye haki yake ya rufaa ndiyo iliyokuwa ikitajwa, hakuwa na njia hiyo ya kurudi nyuma.

Katika kikao cha kwanza Msimamizi alisomewa kichwa kile na kutakiwa kujibu. Kumbukumbu za kikao zimehifadhi jibu lake: "Waheshimiwa, mnasema nina upendeleo. Huyu dada sijawahi kumpendelea hata siku moja, na wenzake wote ni mashahidi." Kwa Kiswahili alichosomewa, jibu lake lilikuwa sahihi. Kamati iliandika kwamba amekanusha, ikaendelea na jambo jingine. Swali lililopaswa kuulizwa, yaani kwa nini jina la Mlalamikaji liliachwa, halikuulizwa siku hiyo.

Kikao cha pili kilimhusu Mlalamikaji mwenyewe. Rasimu ilikuwa imefupisha dai lake la kwanza kuwa "alibaguliwa katika mafunzo". Mjumbe mmoja akaelewa kwamba ubaguzi ulitokea darasani, akamtaka aeleze ulivyokuwa. Mlalamikaji alijibu, "Nitabaguliwaje darasani, waheshimiwa, na darasani kwenyewe sikufika?" Jibu hilo, lililokuwa wazi kabisa kwa aliyeisoma barua yake, liliingizwa katika rasimu kuwa ishara kwamba "maelezo ya Mlalamikaji yanajipinga". Kihusishi kimoja kilichowekwa mahali pasipo pake kilimfanya mtu mkweli aonekane mwongo.

Katika kikao cha tatu Msimamizi alijitetea kwa sentensi iliyoikaa Kamati moyoni: "Waombaji walikuwa sita, nafasi zilikuwa mbili. Nilichagua, sikubagua." Rasimu ikahitimisha hivi: "Hakuna ushahidi wa chuki ya Msimamizi kwa Mlalamikaji. Kwa hiyo hakukuwa na ubaguzi."

Nilipofika kwenye viambatisho nilikuta fomu sita za maombi ya mafunzo. Pembeni mwa fomu ya Mlalamikaji, karibu na sehemu ya kutaja wategemezi, palikuwa na maneno ya penseli kwa mwandiko wa Msimamizi: "Ana watoto wadogo, hataweza." Wanaume wawili waliochaguliwa walikuwa nao wametaja watoto wadogo katika sehemu hiyo hiyo, na pembeni mwa fomu zao hapakuwa na alama yoyote. Maneno yale manne hayakutajwa popote katika kurasa 14 za ripoti.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kukataa kusahihisha rasimu ilivyo. Ningeweza kubadilisha "upendeleo dhidi ya" kuwa "ubaguzi dhidi ya", nikarekebisha koma, nikairudisha. Lakini sentensi zilizonyooka zingelifanya hitimisho bovu lionekane limefikiriwa. Nilimwomba Katibu tukae pamoja, na kwa idhini ya mwenyekiti tukayafuta kwa muda maneno yote ya lawama, tukabakiza matendo tu. Kwa kila tendo tuliuliza mambo manne: nani alitenda, nani alitendewa, ni kwa msingi gani, na aliyetendewa alipoteza nini. Neno lilitafutwa baada ya majibu kupatikana.

Tulianza na "upendeleo", kwa kuwa ndilo lililoleta vurugu. Kitenzi "pendelea" kimetokana na "penda", na yambwa yake, yaani mtendewa, ni yule anayenufaika. Ukisema "Msimamizi alimpendelea ndugu yake", msikilizaji anajua papo hapo nani alipewa mapumziko. Ndiyo maana usemi wetu "bila woga wala upendeleo" humtazama mwenye kufaidika isivyo haki. Ukiliongezea neno hilo "dhidi ya", unalifanya lipigane na maana yake lenyewe, kwani hapendelewi mtu kwa kudhuriwa. Najua kwamba katika maandishi ya takwimu na ya programu za kompyuta "upendeleo" hutumika kwa mwelemeo wowote wa matokeo, uwe wa kufaidisha au wa kuumiza, na huko linaeleweka. Mbele ya kamati ya nidhamu, ambako kila mtu analisikia kwa maana ya nyumbani, linapotosha. Hivyo neno hili lilibaki kwa dai la pili peke yake, nalo lilikaa pale barabara: "Msimamizi alimpendelea mfanyakazi mmoja katika kugawa mapumziko ya mwisho wa juma."

Dai la kwanza lilitushughulisha kuliko yote. "Kubagua" kwa asili ni kutenganisha vitu au watu kwa aina zao, na Kiswahili kimekiweka kitenzi hiki jirani na "kuchagua" kwa muda mrefu, kama asikiavyo kila mtu katika msemo kwamba kifo hakichagui wala hakibagui. Ujirani huo ndio uliompa Msimamizi utetezi wake, na utetezi wenyewe haukuwa wa kijinga. Palipo na nafasi mbili na waombaji sita, wanne wataachwa, na kuachwa peke yake si kubaguliwa. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaohusu ubaguzi katika ajira, unakubali jambo hilo waziwazi: kutofautisha watu kwa sifa ambazo kazi yenyewe inazihitaji hakuhesabiwi kuwa ubaguzi. Kinachogeuza kuchagua kuwa kubagua ni msingi uliotumika. Hapa msingi haukuwa wa kukisiwa, kwa sababu Msimamizi alikuwa ameuandika kwa penseli. Watoto wadogo walihesabiwa kuwa kizuizi kwa mwanamke, na kwa wanaume wenye watoto wa umri huo hawakuhesabiwa kuwa kitu.

Kuhusu chuki, rasimu ilikuwa imekosea kwa namna ambayo naikuta mara nyingi. Chuki ni hali ya moyoni, ilhali ubaguzi ni tendo lenye matokeo, na kukosekana kwa la kwanza hakufuti la pili. Mkataba huo wa 1958 unaeleza ubaguzi kuwa ni kutofautisha, kutenga au kupendelea kwa misingi kama rangi, jinsia, dini au maoni ya kisiasa, ambako matokeo yake ni kuondoa au kudhoofisha usawa wa fursa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ambayo imelifafanua neno "kubagua" kwa Kiswahili katika Ibara ya 13, nayo inazungumzia namna watu wanavyotendewa kwa kuzingatia mambo kama kabila, dini au jinsia, hata watu wa aina fulani wakahesabiwa kuwa dhaifu au duni. Katika fafanuzi zote mbili hakuna sharti la kuthibitisha kwamba mtendaji alimchukia mtendewa. Msimamizi huyu huenda alimhurumia Mlalamikaji alipoandika "hataweza", na fursa ikampotea vile vile. Nilimwonyesha Katibu pia kwamba mkataba ule umekuweka kupendelea ndani ya ubaguzi: ukimpendelea mtu kwa sababu ya jinsia yake, umekwisha kumbagua wa jinsia nyingine. Upendeleo wa ndugu katika dai la pili haukufika huko, kwa kuwa mapumziko yaliwapita wenzake wote, wanaume kwa wanawake.

Baada ya hapo tuliitunga sentensi. Katibu alianza na "Msimamizi alibagua dhidi ya Mlalamikaji". Kama nomino, "ubaguzi dhidi ya wanawake" imezoeleka na haina tatizo, lakini kitenzi chenyewe kinamchukua mtendewa moja kwa moja: alimbagua. Kisha tukaangalia vihusishi, maana katika kauli ya kutendwa "na" humtaja mtendaji, na "kwa" huutaja msingi. Sentensi iliyokubaliwa ilikuwa hii: "Katika uteuzi wa wahudhuriaji wa mafunzo, Mlalamikaji alibaguliwa na Msimamizi kwa misingi ya jinsia na majukumu ya malezi, akakosa fursa ya kuteuliwa ambayo waombaji wengine wenye hali kama yake waliipata." Ni ndefu, lakini kila kipande kina kazi, na "katika uteuzi" iliondoa ule mkanganyiko uliomfanya aulizwe habari za darasa ambalo hakulikanyaga.

Dai la tatu lilipata neno lake upesi: uonevu. Kumwonea mtu ni kumtenda vibaya kwa sababu una nguvu juu yake naye hana pa kujitetea. Wafanyakazi wengine wa ngazi ya chini, wanaume kwa wanawake, walieleza kufokewa na kurudishiwa kazi kwa namna ile ile, kwa hiyo hapakuwa na kundi lililotengwa. Nilimtahadharisha Katibu asikiache kitenzi hicho karibu na nomino za hisia, kwa sababu "alimwonea" na "alimwonea huruma" hutenganishwa na neno moja tu.

Dai la nne Mlalamikaji alilieleza pia kwa maneno "nimedhulumiwa jasho langu". Hapa tulitofautisha "kudhuru" na "kudhulumu". Dawa inaweza kumdhuru mtu, na jua likamdhuru, lakini dawa na jua haviwezi kumdhulumu, kwa sababu dhuluma inamhitaji mtendaji mwenye wajibu ambaye anaichukua au anaizuia haki ya mwenzake. Ndiyo maana kitenzi hiki hubeba yambwa mbili: humdhulumu mtu kitu. Kumbukumbu za malipo zilionyesha kwamba idara nzima ilicheleweshewa, na kwamba Msimamizi alizisaini saa za Mlalamikaji kwa wakati. Kuchelewa kulimdhuru Mlalamikaji, tena sana, lakini Msimamizi hakumdhulumu.

Uamuzi mwingine ulihusu jina la mtendaji. Mjumbe mmoja, alipokwisha kuyaona maneno ya penseli, alitaka ripoti iseme kwamba Msimamizi ni mbaguzi. Nilishauri tusiandike hivyo. Nomino za namna hii, kama mlevi au mwizi, humtaja mtu kwa tabia yake, na Kamati ilikuwa na ushahidi wa tendo moja. "Uamuzi wa kibaguzi" ulisema kilichothibitishwa bila kupungua wala kuzidi. Mjumbe yule alihisi tunamlinda mkubwa, na naelewa kwa nini alihisi hivyo. Lakini lawama iliyozidi ushahidi ingempa Msimamizi sababu ya kuipinga ripoti nzima, pamoja na sehemu iliyokuwa ya kweli.

Uamuzi wangu mmoja ulikuwa mbaya. Nilipokuwa nikiandaa viambatisho, niliyasahihisha maneno katika nakala iliyochapwa ya barua ya Mlalamikaji ili yalingane na ripoti, yaani mahali alipoandika "ubaguzi" kuhusu kufokewa nikaweka "uonevu". Alipoonyeshwa nakala hiyo aliniambia kwa upole, "Ndugu mhariri, ripoti ni yenu, barua ni yangu." Niliyarudisha maneno yake yote siku hiyo hiyo, tukaongeza aya moja katika ripoti inayoeleza kwa nini Kamati imetumia maneno tofauti na yake.

Matokeo

Kamati ilikaa tena, ikaziona fomu sita zikiwa zimepangwa mezani bega kwa bega. Msimamizi aliulizwa swali ambalo halikuwa limeulizwa: kwa nini watoto wa Mlalamikaji walitajwa na wa wenzake hawakutajwa. Hakuwa na jibu. Kamati iliona kwamba uamuzi huo ulikuwa wa kibaguzi, ikampa Msimamizi onyo la maandishi, ikaagiza Mlalamikaji aingizwe katika mafunzo yaliyofuata na sehemu ya wategemezi iondolewe katika fomu. Kuhusu upendeleo, ratiba ya mapumziko ilianza kubandikwa ukutani mwezi mzima kabla. Malipo yaliyochelewa yalilipwa kwa idara yote.

Maneno "yanajipinga" yaliondolewa, na Mlalamikaji aliandikiwa barua ya kumwomba radhi kwa maneno hayo. Sentensi ya kufungia ilisomeka sasa "Uamuzi huu umetolewa bila kuathiri haki ya Mlalamikaji ya kukata rufaa", kwa namna sheria zetu zinavyoandikwa siku zote, naye alipoisoma ndipo alipojua kwamba haki hiyo anayo.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni kulichelewesha neno. Wakati "ubaguzi", "upendeleo" na "chuki" yalipokuwa yamefutwa kwa muda, Katibu mwenyewe ndiye aliyeuliza kwa nini penseli ilipita kwenye fomu moja tu. Alikuwa ameziona fomu zile tangu mwanzo, lakini alikuwa akitafuta ndani yake ushahidi wa upendeleo, na upendeleo kwa Mlalamikaji haukuwamo. Neno lililokosewa lilikuwa limempa kitu kisichokuwapo akitafute.

Kugawa dai moja kuwa manne kuliwatendea haki wote wawili, ingawa mwanzoni Mlalamikaji aliogopa kwamba tunalipunguza uzito. Kila neno kati ya haya lina ushahidi wake: ubaguzi hudai uthibitisho wa msingi uliotumika na ulinganisho na wengine, upendeleo hudai uthibitisho wa anayefaidika, uonevu hudai mwenendo na nguvu, na dhuluma hudai haki iliyozuiwa na mtu anayejulikana. Madai manne yaliyofungwa chini ya neno moja yalikuwa yakiangushwa pamoja kila moja lilipokosa ushahidi wa jingine. Hilo la malipo, kwa mfano, lilitumiwa katika rasimu kuonyesha kwamba hata yale mengine matatu yametiwa chumvi.

Yaliyoshindikana ni mazito pia. Mhariri aliitwa baada ya vikao vitatu, na Mlalamikaji alikuwa amekwisha kuketi mbele ya watu akiulizwa habari za darasa asilolijua. Radhi ya maandishi haikufuta siku ile. Kiolezo kilichotafsiriwa vibaya kilikuwa kimetumika katika ripoti za nyuma, na taasisi haikukubali kuzirudia, kwa hoja kwamba muda wa rufaa umepita. Niliona wakati huo, na naona bado, kwamba hoja hiyo haikutosha, kwa kuwa muda huo ulipita kwa watu ambao huenda waliisoma haki yao katika sentensi isiyosomeka.

Baadaye taasisi iliandaa fomu mpya ya malalamiko yenye visanduku vya "ubaguzi", "upendeleo", "uonevu" na "dhuluma", kila kimoja kikiwa na maelezo ya mstari mmoja niliyoyaandika mimi. Haikufaa. Walalamikaji walitia alama katika vyote vinne, kwa woga wa kuacha kimoja kinachowahusu, na Kamati ikarudi kwenye zogo lile lile. Katika toleo lililofuata visanduku viliondolewa, pakabaki nafasi tupu yenye maswali yetu manne, na kazi ya kuchagua neno ikarudishwa kwa Kamati.

Dai la tatu ndilo lililoachwa njiani. Uonevu ulithibitishwa kwa maelezo ya mashahidi watano, ukaandikwa kwa jina lake, na hapakufuata hatua yoyote, kwa sababu kanuni za taasisi zilitaja ubaguzi na upendeleo kuwa makosa na hazikuutaja uonevu. Mwenyekiti aliniuliza kama tusingeweza kuuita ubaguzi ili uingie katika kanuni. Nilimjibu kwamba hatuwezi, nikamsaidia kuandika pendekezo la kuongeza kifungu. Mara ya mwisho nilipouliza, pendekezo hilo lilikuwa bado linasubiri kikao.